Dawa ya Nzembi

Ndolo alikuwa fundi wa pampu za maji mjini Machakos, na kazi hiyo ilikuwa imemtia tabia moja: hakukubali kwamba kitu kimeharibika mpaka ajue kimeharibikia wapi. Pampu ikigoma kuvuta, wenzake walikimbilia kubadilisha mota. Yeye aliinama, akaweka sikio kwenye paipu, akasikiliza. Mara nyingi ilikuwa ni hewa tu iliyojifungia mahali, na ukishaitafutia pa kutokea, maji yalikuja yenyewe.

Kwa hiyo bintiye alipoanza kulia kila alasiri, Ndolo alijiambia kwamba jambo hilo nalo lina mahali lilipoanzia, na kazi ni kupatafuta.

Mtoto aliitwa Nzembi, jina la marehemu mama yake Ndolo, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza. Na kwa sababu alibeba jina la mama, Ndolo hakumwita kwa jina. Alimwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na Linet mkewe alikuwa akicheka kumsikia mtu mzima na ndevu zake akimsihi kichanga, "Mwaitu, tafadhali, nyamaza kidogo."

Lakini wiki hizi Linet hakuwa na cha kuchekea. Asubuhi mtoto alinyonya, akatabasamu usingizini, akawa mtoto ambaye ungemwomba kwa jirani. Jua likishapinda, uso ulimwiva, akakunja miguu hadi tumboni, akafumba ngumi, akalia kilio kilichopenya ukuta wa nyumba yao ya kupanga na kuenea ploti nzima. Akitoa hewa alinyamaza kidogo, kila mtu akashusha pumzi, kisha akaanza upya.

Walikuwa wamempeleka kliniki. Muuguzi alimpima, akambonyeza tumbo taratibu, akamwangalia kinywani, akasema mtoto anaongeza uzito vizuri na hana homa wala hatapiki. Ni msokoto wa tumbo, akasema. Watoto wengi huupata wakiwa wachanga, na miezi michache ikipita huisha wenyewe. Akipata homa, au akatapika kitu cha kijani, au mkiona damu kwenye choo, au akakataa titi, mleteni mbio. Kama si hivyo, ni kunyonyesha tu. Asipewe kitu kingine, hata maji.

"Huisha wenyewe," Ndolo alirudia walipokuwa wakirudi nyumbani. "Unaishaje wenyewe? Lazima kuna kitu kinafanyika huko ndani."

"Basi mwekee sikio," Linet alisema, na hakuwa anatania sana.

Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Wagaki, mama wa makamo kutoka upande wa Thika aliyeuza nafaka sokoni. Jioni hiyo alibisha hodi akiwa na kikombe cha mbegu za shamari kilichofunikwa na kisahani.

"Chemsha hii, ipoe, umpe kijiko cha chai," alisema. "Wangu wote walikua na hii."

Linet alimshukuru, akaipanga juu ya kabati karibu na tangawizi aliyoletewa na mama wa chumba cha mwisho, na mnanaa uliotumwa na dada wa kanisani. Wagaki alipotoka, akasema, "Nikimpa kila kitu ninacholetewa, huyu mtoto atageuka duka la dawa."

Ndolo alikuwa amembeba mtoto begani, akimpigapiga mgongoni. Alisema polepole, kama mtu anayekumbuka alipoacha spana, "Lakini mama alikuwa na dawa."

"Dawa gani?"

"Ya watoto. Ya tumbo. Watu walikuwa wanatoka ng'ambo ya mto kuja kwake. Huko Mwala, ukisema dawa ya Nzembi, kila mtu anajua."

"Ilikuwa na nini ndani?"

Ndolo alimkumbuka mama yake akimpokea mwanamke mlangoni, mwanamke ana mtoto anayelia mgongoni. Alikumbuka pazia la jikoni likishushwa, na moshi ukipenya kwenye mabati. Alikumbuka wanawake hao wakitoka jua likielekea kuzama, na watoto kimya. Harufu nayo aliikumbuka, ila haikuwa harufu moja. Siku nyingine ilikuwa kama supu, siku nyingine kama majani mabichi yaliyoshikwa na moto. Mama yake alikuwa amefariki kabla ya yeye kuoa, na hakuacha binti ambaye angerithi jambo kama hilo.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kuuliza."

Linet alimtazama mumewe, kisha akamtazama mtoto. Alikuwa mwanamke wa kupenda kujua mambo, na hata uchovu haukuwa umemmalizia hamu hiyo. "Mimi sitampa," alisema. "Tuelewane hapo. Lakini wewe nenda uulize. Nataka kujua ilikuwa nini."

Jumamosi iliyofuata Ndolo alikuwa na kazi Mwala. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa na pampu ya sola karibu na bwawa la mchanga, na pampu ilikuwa imekataa kupandisha maji. Aliondoka asubuhi na boda boda, sanduku la vifaa likiwa limefungwa nyuma, na kabla jua halijakaza alikuwa amepata valvu iliyozibwa na mchanga, akaisafisha, maji yakapanda.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Winfred, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alimkaribisha nyumbani kwake, akamwekea sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na kikombe cha chai, na Ndolo hakupoteza muda.

"Mama, wewe uliwahi kuja kwa mama yangu na mtoto wa tumbo?"

Winfred aliweka birika chini. "Si mara moja. Bonface wangu alilia mpaka mama mkwe akasema ana pepo. Nikamfunga mgongoni, nikaenda kwa Nzembi. Mungu amlaze pema."

"Na dawa ilikuwa nini?"

"Chungu," alisema Winfred bila kusita. "Chungu kabisa. Kama ile supu ya mbuzi wazee wanatia mizizi. Ilikuwa na mafuta kidogo juu. Hiyo ndiyo ilimponya Bonface."

Ndolo aliegemea mbele, kama anaposikia paipu ikianza kutetema. "Mizizi gani?"

"Hakusema. Nzembi hakuwa mtu wa kusema. Lakini mimi nimejaribu kuifuata." Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na chupa ya soda yenye maji ya rangi ya kahawia iliyoiva. "Nimetafuta mzizi huu na ule mpaka nikapata uchungu kama ule. Mke wa Bonface ako na mtoto mdogo. Nampatia kijiko asubuhi na kijiko jioni."

"Na inamsaidia?"

Winfred aliitazama chupa dhidi ya mwanga wa mlango. "Bado analia," alikiri. "Nafikiri kuna kitu kimoja nimesahau."

Ndolo aliomba kuonja. Uchungu ulimkaza taya hadi masikioni. Alijaribu kuufananisha na kumbukumbu ya jikoni kwa mama yake, lakini hakupata jibu. "Mtoto alikuwa anapewa kiasi gani, wakati ule?" aliuliza.

"Hapo sasa sikuona," alisema Winfred. "Nilikuwa nimelala."

"Ulilala?"

"Jikoni pale pale, kwenye mkeka. Joto la moto, unajua. Nilipoamka Bonface alikuwa ametulia juu ya mkono wa mama yako kama paka."

Alipofika sokoni, Ndolo alikuwa bado na ule uchungu ulimini. Aliingia katika hoteli ya Kamene kuusafisha kwa chai. Kamene alikuwa rika moja na Winfred, mwembamba, mwepesi wa kucheka, na kila aliyepita barabarani alimsalimia kwa jina. Ndolo alipotaja dawa ya Nzembi, Kamene aliketi mbele yake na kitambaa cha kufutia meza mkononi.

"Tamu ile," alisema. "Mpaka leo naitamani."

"Tamu?"

"Tamu na uchachu kidogo. Kama uji wa wimbi uliotiwa ukwaju. Moto, inateremka mpaka kwenye vidole vya miguu."

"Winfred anasema ilikuwa chungu kama supu ya mizizi."

"Winfred hata sukari anasemanga ni chungu," alisema Kamene. Kisha akaona kwamba kijana hacheki. Ndolo alikuwa ameshika kikombe hewani, hanywi wala hakiweki chini.

Kulikuwa na kitu kilichokuwa kimemgusa tangu kwa Winfred bila yeye kukitambua, na sasa alikitambua. Alikuwa ameambiwa dawa ya mtoto ilikuwa na ladha gani, na wanawake wazima wawili. Mtu anaweza kuonja dawa ya mtoto wake kwa ncha ya ulimi. Lakini haimshuki mpaka vidole vya miguu.

"Mama," alisema, "wewe ulijuaje inateremka mpaka miguuni?"

"Si nilikunywa."

"Kiasi gani?"

"Kikombe. Viwili. Alikuwa anakaa hapo mbele yako mpaka umalize."

"Na mtoto?"

"Mtoto..." Kamene alianza, na kitambaa kikatulia mezani. Alitazama nje, mahali punda alipokuwa akivuta mitungi ya maji, lakini ilikuwa wazi kwamba hamwoni punda. "Mtoto alikuwa na Nzembi. Mimi nafikiri alimpatia wakati nilikuwa nimelala."

"Nawe pia ulilala."

"Nani hangelala? Nilikuwa sijalala tangu nijifungue." Alimgeukia Ndolo, na sasa naye alikuwa na swali usoni. "Wewe unatafuta nini hasa?"

"Sijui bado," alisema Ndolo. "Nani alikuwa anaingia jikoni na mama wakati huo?"

"Hakuna. Labda Syokau. Syokau ndiye alikuwa anamsagia."

Syokau aliishi boma la pili kutoka lile alikozaliwa Ndolo. Alimkuta ameketi kivulini mwa ghala, sinia ya mbaazi mbichi mapajani, akizimenya kwa kidole gumba kilichozoea. Alimpokea kama mtoto wake mwenyewe, akamuuliza habari za mke, habari za mtoto, habari za mvua ya Machakos, kisha akamsukumia sehemu ya mbaazi, maana kwake hakuna aliyekaa bure. Ndolo alimenya. Alipoona salamu zimetosha, akauliza, akimwita kwa jina la mwanawe kama zamani.

"Mama Muema, ile dawa ya mama. Ya watoto. Ilikuwa chungu au tamu?"

"Inategemea," alisema Syokau.

"Inategemea nini?"

"Kilichokuwa nyumbani. Kama mbuzi alichinjwa kwa jirani, ilikuwa supu. Kama wimbi lilikuwa limesagwa, ilikuwa uji. Kiangazi kikikaza, ilikuwa maji moto na kivumbasi na chumvi."

Ndolo aliacha kumenya. "Hiyo si dawa. Hicho ni chakula."

Syokau alichagua mbaazi yenye mdudu, akairushia kuku.

"Mtoto alipewa nini?" Ndolo aliuliza.

"Hakuna kitu. Mama yako hakuwahi kutia kitu kinywani mwa mtoto mchanga. Wake hata mmoja. Wa mtu hata mmoja."

Alimweleza taratibu, huku maganda yakiongezeka miguuni mwao. Kabla ya Ndolo, kulikuwa na kaka yake. Ndolo alijua kwamba alikuwepo, kwa namna watoto wanavyojua mambo ambayo hayazungumzwi. Kaka huyo alilia tumbo akiwa mdogo sana, na bibi wa upande wa baba akaleta dawa ya mizizi iliyochemshwa, akamnywesha. Mtoto akaendesha, akalegea, na kabla hajafikishwa hospitali akawa ameshakwenda.

"Ilikuwa dawa?" Ndolo aliuliza.

"Hakuna aliyejua. Pengine alikuwa na ugonjwa wake tangu mwanzo. Susu yako, bibi huyo, alikuwa anampenda, usifikirie vibaya. Yeye mwenyewe alilia mpaka akawa kipofu wa jicho moja, au ndivyo tulivyosema. Mama yako pia hakujua. Lakini hakutaka kujaribu ajue mara ya pili."

Waliendelea kumenya. Kuku walikuwa wamekusanyika.

"Sasa kwa nini aliiita dawa ya mtoto?"

Hapo Syokau alitabasamu, na uso wake ukawa wa msichana. "Wewe ni mwanamume, hujui. Wakati wetu, ungemwambia mama mkwe wako naenda kwa Nzembi kulala? Saa za mchana, shamba halijapaliliwa, kuni hazijaletwa? Angekucheka mpaka wajukuu wa wajukuu wako wasikie. Lakini ukimwambia mjukuu wako anaumwa, nampeleka kwa dawa, angekusindikiza yeye mwenyewe, na kuni angeleta. Basi mama yako akawapa dawa. Mwanamke akifika, Nzembi hakuuliza mtoto ana nini. Aliuliza, umekula nini leo? Na wengi walikuwa hawajala kitu tangu asubuhi. Akampikia, akakaa mbele yake mpaka amalize, akamtandikia mkeka. Akachukua mtoto akatembea naye."

"Na watoto wakanyamaza."

"Wengine. Wengine walilia mpaka jioni mikononi mwake. Lakini mama alikuwa amelala, hakusikia. Akiamka, mtoto amechoka amenyamaza, na yeye ana nguvu. Anaenda nyumbani anasema amepona."

Ndolo alifikiria jambo hilo kama anavyofikiria mashine aliyoifungua na kukuta ndani mwake hamna kile alichotarajia. Hakuhisi kudanganywa. Alihisi kwamba alikuwa ameishi katika boma moja na mwanamke yule miaka yote bila kumwona.

"Mtoto alikuwa anambebaje?" aliuliza.

Syokau alitazama huku na huku, akaokota boga dogo lililokuwa likikaushwa juu ya jiwe. Akalilaza kifudifudi juu ya mkono wake wa mbele, kichwa, yaani kikonyo, kikiwa kwenye kiwiko, na kiganja chake kikiwa kimeshika chini. "Hivi. Tumbo liko hapa, lipate joto la mkono. Unatembea. Hukimbii. Wewe shika."

Ndolo alishika boga. Syokau akarekebisha kiwiko chake, akamwambia alegeze bega, kwamba mtoto anasikia bega lililokaza. Fundi wa pampu akatembea na boga kutoka ghalani hadi kwenye lango na kurudi, huku kuku wakimfuata wakidhani ni chakula.

Alipoaga, alikuwa ameshapanda boda boda ndipo akakumbuka chupa ya soda. Akamwambia dereva ageuze.

Winfred alikuwa uani akianika nguo. Ndolo hakujua pa kuanzia. Mtu hawezi kumwambia mama wa rika la mamaye kwamba amekosea, na hasa si kuhusu wajukuu wake. Basi alianza na kaka yake. Alimsimulia kama alivyosimuliwa, kisha akafikia mkeka, na kile kikombe, na kwamba mtoto hakupewa kitu.

Winfred alisikiliza akiwa na shuka mikononi, ikidondosha maji kwenye viatu vyake.

"Kwa hivyo Bonface hakuonja," alisema.

"Hakuonja."

"Na mimi nilikuwa nalala tu."

"Ulikuwa umechoka, mama."

Alitundika ile shuka, akainyoosha pembe hadi zikalingana. Ndolo aliogopa kwamba amemuudhi. Lakini mabega ya Winfred yakaanza kutikisika, akacheka bila sauti mpaka akajifuta macho kwa upindo wa leso. "Nzembi," alisema. "Mwanamke yule. Alinidanganya vizuri." Kisha akaacha kucheka ghafla, akaingia jikoni, na Ndolo akasikia kitu kikimwagwa nyuma ya nyumba. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu. "Kesho nitamwambia mke wa Bonface ampeleke kliniki wamwangalie, kwa ile ambayo nimempatia. Nitaenda naye mwenyewe."

"Ni vizuri."

"Na sasa niambie," alisema Winfred, akimtazama kwa jicho la mwenyekiti. "Mke wako ako wapi saa hii?"

"Ako nyumbani."

"Na nani?"

"Na mtoto."

"Anayelia."

"Ndiyo."

"Amekula?"

Ndolo alitazama jua. Lilikuwa limeshapinda muda mrefu. "Sijui," alisema.

"Na wewe uko Mwala unatafuta dawa," alisema Winfred.

Ndolo aliposhuka Machakos alipitia sokoni, akanunua unga wa wimbi na fungu la ukwaju, akapanda kuelekea nyumbani akisikia kilio cha bintiye kabla hajafika langoni. Linet alikuwa amesimama katikati ya chumba akiyumba na mtoto, macho mekundu, nywele zimefunguka upande mmoja. Mezani kulikuwa na kikombe cha chai kilichoshika utando.

"Umepata?" aliuliza.

"Nimepata. Nitakuambia. Umekula nini leo?"

Linet alifikiria. Ilionekana ni swali gumu. "Mkate," alisema. "Nafikiri ni jana."

Ndolo alimwambia akae. Alipika uji, na haukuwa uji wa sifa, ulikuwa na vidonge hapa na pale, lakini aliuchachua na ukwaju na kuutia sukari, akampelekea, akamchukua mtoto, akakaa mbele yake. Linet alionja, akanywa, akanywa tena bila kuuliza kitu. Kikombe kilipofika nusu ndipo akasema, "Hii ndiyo dawa?"

"Ndiyo."

"Na mtoto?"

"Mtoto hapewi. Malizia."

Alimsimulia kwa ufupi, sauti juu ya kilio, naye Linet alisikiliza kope zikimlemea. Alipofika kwenye habari ya kaka yake, Linet alinyoosha mkono akamshika goti. Alitaka kuuliza kitu kingine, ilionekana midomoni mwake, lakini usingizi ulimwahi.

Ndolo alimlaza mtoto kifudifudi mkononi kama boga, akalegeza bega, akatoka naye uani. Ploti nzima ilikuwa nje ikipika chakula cha jioni. Nzembi mdogo alilia. Alilia kutoka mlango wa kwanza hadi bomba la maji, akalia kutoka bomba hadi mlango wa kwanza. Wagaki alisimama na mwiko wake akimtazama mwanamume akitembea na mtoto kama mtu aliyebeba samaki.

"Hiyo ni dawa ya Kikamba?" aliuliza.

"Ni ya mama yangu. Bado najifunza."

"Inafanya kazi?"

Mtoto alimjibu yeye mwenyewe kwa mlio mpya, na Wagaki akarudi kwenye sufuria yake. Mkono wa Ndolo ulianza kufa ganzi. Alijaribu kupunguza mwendo. Chini ya kiganja alisikia lile tumbo dogo limekaza kama ngoma, kisha kitu kikazunguka ndani yake, kikasita, kikazunguka tena, naye akajikuta ameinama, ameweka sikio karibu na mgongo wa mtoto, anasikiliza. Hewa ilitoka. Kilio kikashuka kikawa manung'uniko. Kisha kikarudi, lakini si kwa nguvu ileile, na giza lilipoanza kuingia mtoto alikuwa amelala, mate yakimtiririka kwenye kiwiko cha baba yake.

Baada ya hapo Ndolo alipanga kazi zake ili awe nyumbani alasiri kila ilipowezekana. Linet alikula, akalala. Siku nyingine mtoto alinyamaza upesi, siku nyingine hakunyamaza kabisa, na wiki zilivyokwenda zile siku mbaya zikapungua, mpaka alasiri moja Ndolo alifika mbio kutoka kazini akakuta nyumba kimya, mtoto anatazama mikono yake mwenyewe kwa mshangao.

Jambo hilo lilimfurahisha na kumsumbua. "Ni kutembea?" alimuuliza Linet. "Au ni wewe kula? Au ni vile muuguzi alisema, miezi imefika, angeacha hata tungekaa tu?"

"Kuna tofauti?"

"Nataka kujua."

"Tukipata wa pili utajua," alisema Linet. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, na kicheko chake kilikuwa kimerudi. Alimwekea Ndolo mtoto mapajani, akachukua leso akajitanda, akajilaza kwenye kochi ingawa hakuwa na usingizi. "Ile ya Winfred," alisema, macho juu ya dari. "Ya supu. Uchungu wake ulikuwa wa mzizi gani?"

"Syokau hakusema."

"Hukumuuliza?"

"Nilikuwa nimeshika boga."

Linet alicheka mpaka mtoto akageuka kumtazama. "Basi Jumapili twende wote watatu," alisema. "Mimi nitamuuliza. Wewe utamenya mbaazi."